Lovina Thaxter, Aliyetusomea Mwisho Kabla ya Mwanzo

Bi Lovina Thaxter anastaafu tarehe 30 Juni 1886, baada ya miaka thelathini na mitano katika chumba cha kukunjia karatasi cha Pettingill na Wanawe, wachapaji wa vitabu, hapa Boston. Nimeombwa niandike wasifu wake, na nimeambiwa uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Macho yake yamechoka, mgongo wangu umechoka, na wengi tulioanza nao wamekwisha kuzikwa.

Aliingia kazini akiwa binti wa mkulima, mwenye mikono mikubwa na sauti iliyosikika hadi ghorofa ya chini. Kazi ilikuwa hii hii ya leo. Karatasi kubwa hutoka mitamboni na kurasa zake kumi na sita, nasi tunaikunja kwa kipande cha mfupa mpaka kurasa zifuatane, kisha inakwenda kushonwa. Vidole vinachoka na kichwa hakina la kufanya. Kwa hiyo ilikuwa desturi mmoja asome kwa sauti, na wenzake wamkunjie fungu lake. Lovina alipewa usomaji mapema sana, kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu alikuwa akikunja vibaya. Hadi leo anakunja vibaya.

Mimi nilikaa mwisho wa benchi la kazi, karibu na dirisha lisilofungika. Nilikuwa nimetoroka utumwani Maryland, na kwa sheria ya wakati ule ningeweza kukamatwa hata hapa nikarudishwa, na aliyenificha akafungwa. Sikumwambia mtu. Kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu. Keziah Bunce, msimamizi wa chumba, alikuwa amesema mbele ya wote: "Kufanya naye kazi, sawa, Bwana Pettingill kaamua. Kukaa naye bega kwa bega, hilo mnisamehe." Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Mji mzima ulivaa pamba iliyolimwa na watumwa, ukasokota pamba hiyo, na utumwa ukauita mambo ya Kusini.

Mwaka 1853 tukaletewa riwaya ya mama mtumwa aitwaye Judith. Bwana Pettingill aliipokea shingo upande, akiwaogopa wateja wake wenye viwanda vya nguo, akaagiza nakala chache. Sisi tuliisoma kabla ya nchi nzima, karatasi baada ya karatasi, zikipanda kwetu zingali na unyevu.

Siku moja Lovina alichukua karatasi ambayo haijakunjwa. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba karatasi ikiwa wazi, ukurasa wa mwisho hukaa kando ya ule wa kwanza. Yeye hakutazama namba. Akasoma jinsi mtoto anavyouzwa kwenye ngazi za mahakama, mama yake ameshikiliwa na wanaume wawili. Kisha akahamia ukurasa wa kando yake, ambamo Judith ndiyo kwanza amejifungua, anamshonea mtoto kigauni.

"Wee Lovina, umetuvuruga!" Keziah akafoka. "Si ameshauzwa huyo? Anazaliwa tena?"

Tulicheka wote, hata mimi. Lovina akaomba radhi, akaikunja karatasi, akaanza upya kwa mpangilio. Lakini sasa tulijua. Judith alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, akimwimbia mtoto, akishona kifungo, na chumba kizima kilijua yanakoelekea. Kicheko kikaisha. Keziah akaweka mfupa wake chini.

"Ruka hapo," alisema. "Ruka, shoga, siwezi."

Sijui nini kilinifungua mdomo. "Usiruke," nilisema. "Sisi tunazaa hivyo hivyo, mwisho tunaujua. Wangu aliitwa Dorcas."

Nikaona nimejimaliza. Yeyote kati yao angeweza kwenda kunichongea. Lovina aliacha kiti chake, akaja hadi mwisho wa benchi, akaketi kwenye kile kitupu kando yangu na kuendelea kusoma.

Majuma machache baadaye, askari wa mahakama alipanda ngazi pamoja na mtu wa Maryland, wakinitafuta. Wanawake waliposikia viatu, walitundika karatasi mbichi kwenye kamba zote za kuanikia, nami nikasimama nyuma ya Judith na mtoto wake. Lovina hakukatiza kusoma. Aliyekwenda mlangoni ni Keziah.

"Mwanamke mweusi? Humu?" alisema. "Waulize watu wa mji huu kama Keziah Bunce anaweza kukaa na mweusi. Haya, mabwana, shukeni ngazi, wino haujakauka."

Wakaondoka. Keziah akafunga mlango, akarudi kwenye fungu lake.

Nchi nayo ikasoma. Mitambo haikupoa mwaka mzima. Wanaume waliokuwa wakiwazomea wapinga utumwa barabarani walipanga foleni dukani, na wachungaji waliokwepa hata kuutaja utumwa walikisoma kitabu hicho madhabahuni huku wakilia. Sikibezi kilio kile. Kiligeuka kura, kisha vita vya Kaskazini na Kusini. Asahel, mume wa Lovina, mchapaji wetu, alikwenda vitani na hakurudi. Lakini niseme ukweli, nimechoka kupewa mkono na watu wanaomtafuta Judith usoni mwangu. Judith alimwombea dua aliyemuuza mwanawe. Mimi sikumwombea aliyemuuza Dorcas.

Vita vilipokwisha, Lovina alichukua likizo, tukaenda wote Maryland kumtafuta Dorcas. Hatukumpata. Katika treni ya kurudi hakunisomea kitu, wala hakuniambia kwamba Mungu anajua. Baadaye alinifundisha kusoma na kuandika, kati ya fungu na fungu, ndiyo maana wasifu huu ninauandika mwenyewe.

Bi Lovina, chumba kizima kinakushukuru, hata kwa karatasi ulizokunja vibaya. Nenda kwa dada yako Worcester, ukapumzishe macho, na asubuhi usiamke kwa kengele ya mtu. Maisha yako yaliyobaki yawe mema.

Wamekwisha kuniuliza nani akalie kiti chako kando yangu. Nimewaambia wakiache kitupu kwanza. Nilikizoea hivyo zamani, lakini safari hii najua ni cha nani.

Philena Gaul, chumba cha kukunjia