Pikipiki kwenye Pango la Wazee

Katika teksi ya Probox iliyotutoa Mwatate kuelekea Chawia, kijana aliyepakata helmeti alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake, kwa ufasaha ambao hakuna aliyeuomba, kwamba msitu ni mali ya umma. "Nyinyi mnatembea, sisi tunashindana kwa pikipiki. Msitu ni mkubwa, mathe, unatutosha."

"Mimi si mathe wako. Niite Mama Wakesho. Na huko kuna pango la mafuvu ya wazee wetu. Nasikia kuna aliyeingia humo na pikipiki. Ni nani?"

Shuleni, bwenini, tulifunzwa kukiri kosa tukiwa tumesimama. Kijana alikiri ameketi, lakini alikiri. "Ni mimi, mama. Breki zilikataa, nikaangusha ile rafu ya mawe. Lakini sikutoroka. Niliyaokota mafuvu yote kumi na moja, nikayapangusa, nikayapanga vizuri."

"Uliyapanga vipi?"

"Kwa ukubwa. Makubwa nyuma, madogo mbele." Alisema hivyo kama mtu anayengoja shukrani.

Mama alimgeukia. "Babu yangu alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Baba alinionyesha kwa kidole kabla hajafa. Hayajaandikwa majina, kijana. Jumamosi Wakesho anaolewa, na leo nilikuwa naenda kumwambia babu."

"Si turudi tuyapange upya?"

"Tukimuuliza nani?"

Gari lilisimama Chawia. Kijana alishuka, akamshikia mlango. Mama hakuinuka.