Mama Vifuko na Protini Iliyozuiwa Mlangoni

Ndugu waombolezaji, dada yetu hakuwahi kuzungumzia seli kwa sauti ya chini, kwa hiyo nami mtanisamehe nikipaza yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika zahanati ya kata, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mpiga chapa, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, ambako tarehe 3 Oktoba 1977 aliitwa kutoka darasani kuja kumzika kitindamimba wetu wa miaka sita, aliyesumbuliwa na kifua tangu kuzaliwa, na toka hapo akawa haambiliki, anataka kujua kifua kile kilikuwa na nini.

Aliajiriwa maabara ya chuo kikuu tarehe 1 Februari 1988, na huko akalipata jibu, kwamba seli ina vyumba, kwamba protini ikishaundwa hupakiwa ndani ya kifuko kidogo, kifuko kikajichomoa na kuipeleka chumba kinachofuata hadi ukingoni mwa seli, na kwamba protini ya mdogo wetu ilikuwa imekunjika vibaya kidogo tu, ingeweza kazi, ila ilizuiwa mlangoni mwa chumba cha kwanza ikavunjwavunjwa. Kwa kuisimulia habari hiyo kila mahali, hata msibani, aliitwa Mama Vifuko.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, shemeji yetu huyu hapa, aliyekuja kutengeneza jokofu akashikishwa darubini mpaka saa za kazi zikaisha, jokofu likabaki bovu, na wakajaliwa mabinti wawili.

Jumanne, tarehe 17 Mei 2016, kabati la kutunzia, kwa joto la mwili, seli zenye protini mbovu kama ile ya mdogo wetu liliharibika, likapoa, na msafishaji wa vyombo, Bwana Usafi, alikwisha kumwaga nusu ya seli dada alipomnyang'anya zilizobaki, akachungulia, akapiga kelele jengo zima likatoka nje, kwani kwa ubaridi ule protini ilikuwa imepita mlangoni! Lakini mtoto hapozwi kama maji ya kunywa, hivyo akaanza kutafuta dawa ya kuipitisha katika joto la mwili, akajaribu mia mbili na kumi na moja, zote zikagoma.

Saratani iligunduliwa tarehe 4 Agosti 2023. Tarehe 11 Juni 2024, Bwana Usafi aliingia wodini anahema, na picha ya dawa ya mia mbili na kumi na mbili, ukingo wa seli unang'aa kwa protini iliyofika, naye dada akamwambia acha papara, rudieni mara mbili. Picha ya pili aliiona, akaing'ang'ania kifuani. Alifariki tarehe 19 Juni, saa kumi alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani mliopokezana kumwogesha, na wenzake wa maabara, ambao hawakusimamisha kazi hata kwa msiba huu, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza.

Dada, picha ya tatu imetoka leo saa mbili asubuhi. Protini imefika ukingoni. Sasa pumzika, mama, pumzika kwa amani.