Swichi Mbili za Mzee Lazaro

Tarehe 30 Juni, kwa rehema za Mungu, Mzee Lazaro Andongwisye anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mawese, hapa Ipyana, kwa miaka thelathini na miwili akiwa fundi umeme. Tuliomtangulia kazini tumebaki wachache, nami nimepewa heshima ya kuandika haya kwa niaba ya wote.

Alipoajiriwa, chikichi zilikamuliwa kwa mtambo wa kuzungushwa na watu. Baadaye ikaletwa silinda ya haidroliki, inayosukumwa na mafuta yenye mgandamizo na kushuka juu ya matunda. Sote tulishangilia. Mzee Lazaro naye alishangilia, kisha akasimama kuitazama kwa muda mrefu. Alisema mashine haina masikio ya kusikia mtu akilia.

Akaiwekea swichi mbili za kubonyeza, moja kila upande, akazipitisha nyaya zake kwenye rilei, vile visanduku vidogo vinavyokata au kuruhusu umeme, ili silinda isishuke mpaka mwendeshaji abonyeze zote mbili. Mwenye mikono yote kwenye swichi hana mkono wa kupondwa.

Lakini binadamu ni binadamu. Ndugu Yakobo, mwendeshaji wetu hodari, aliifunga swichi moja kwa kamba ya mgomba, apate mkono wa kusukumia matunda. Mzee alipoiona hakufoka wala hakushtaki. Alimwuliza tu ni mkono upi angeutumia kupigia gitaa la kwaya Jumapili. Yakobo akaifungua kamba mwenyewe. Hata hivyo, Mzee alizipanga nyaya upya: swichi moja ikishikiliwa peke yake, rilei hukata umeme, na silinda haishuki hadi zote ziachiwe na kubonyezwa kwa pamoja. Vijana wakaubatiza mtambo jina la Mlokole, kwa kuwa haushawishiki.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi mwaka huu. Rilei moja iliungua wakati uwanja umejaa matunda, na mnunuzi kutoka Malawi amekwisha kuvuka mto Songwe na madumu yake matupu. Baadhi yetu tuliomba silinda iendeshwe kwa swichi moja, siku hiyo tu. Hoja yetu haikuwa ndogo, kwani matunda yakilala huchacha, na nyumba nyingi hula kwa matunda hayo. Mzee alitusikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole: "Basi mniambie ni mkono wa nani." Mtambo ukasimama hadi rilei ilipofika kutoka Mbeya. Sehemu ya matunda ilichacha, na mafuta yake yakaenda kwa watengeneza sabuni.

Aliyeifunga rilei hiyo si yeye. Alimkabidhi bisibisi Felista, fundi anayempokea kazi, akakaa kando. Felista alipomaliza, kabla ya kuruhusu mtu kusogea, aliokota kamba ya mgomba, akaifunga swichi moja kwa makusudi, kisha akabonyeza nyingine. Silinda haikushuka. Mzee Lazaro akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaenda kunawa mikono.

Taata Lazaro, baba yetu, tunakushukuru. Urudi salama kwenye kakao yako na kwa mama yetu Rut. Bwana akupe afya, amani na miaka ya kuwafurahia wajukuu. Jumapili kwaya itakuimbia ibadani, na gitaa atapiga Yakobo.