Historia ya Maurice Wepukhulu, Inayosomwa kwa Mara ya Pili

Jamaa, majirani na marafiki mliofika hapa Moiben, poleni kwa msiba, na wale mnaokumbuka kwamba historia hii mlisomewa tayari, papa hapa, chini ya hema kama hili, tunaomba mtuvumilie, kwa maana hata sisi familia hatujui vizuri tuisome namna gani.

Maurice Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Kimilili, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wepukhulu na Mama Nabalayo. Alisoma hadi darasa la saba mwaka 1983, karo ya sekondari ikakosekana, akaja Eldoret mwaka 1986, akapanga chumba katika mtaa wa West Indies, akawa kibarua, kisha utingo wa lori, kisha mnunuzi wa viazi mwenye lori lake mwenyewe. Alimuoa Tryphosa tarehe 10 Desemba 1994, wakahamia mtaa wa Pioneer, baadaye wakanunua shamba hili la Moiben, Mungu akawajalia Lorraine na Brian. Kanisani, tuseme ukweli, alionekana siku ya harusi na siku za kubatiza watoto, Jumapili nyingine zote alikuwa safarini, na Mama Lorraine mwenyewe ametuonya tusimsifu bure.

Hadi hapo karatasi ya kwanza haikuwa na kosa.

Jumamosi, tarehe 4 Mei 2019, Maurice alikuwa kule kwenye miteremko ya bonde kununua viazi, nyumbani kwa mwenyeji wake Kigen, mvua ikinyesha tangu alfajiri, na Kigen alipotoka kumfungua ng'ombe, Maurice alimvisha koti lake mwenyewe, kitambulisho kikiwa mfukoni, na muda si mrefu mlima ukaporomoka. Koti lilipatikana kwenye matope, aliyelivaa hakupatikana. Mdogo wake Joseph, ndiye huyu anayewasomea, alilitambua koti na kuapa kwamba ndugu yake amekwisha. Kwa desturi yetu, mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake, basi Jumamosi, tarehe 1 Juni, tukalaza mgomba ndani ya jeneza, tukauzika pale mnapouona ule msalaba, Tryphosa akalia hadi sauti ikamkauka, na Joseph akasoma historia, akawashukuru hata madaktari ambao hawakuwahi kumgusa.

Jumanne, tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi, boda boda ilisimama langoni kule Pioneer, marehemu akashuka. Jamani! Wapo waliotimua mbio, na wengine wenu mko hapa. Kumbe gogo lilimpiga kichwani, akalazwa mwezi mzima katika zahanati ndogo ng'ambo ya bonde, barabara zimekatika, hajui hata jina lake, mpaka kumbukumbu ilipomrudia. Wazee wakasema aliyekwisha kuzikwa hapiti mlango wa mbele, mchungaji akasema aende moja kwa moja kanisani kutoa ushuhuda, naye akabaki amesimama langoni, hajui amsikilize nani, mpaka Tryphosa akamshika mkono, akamwingiza kwa mlango wa jikoni, akampa uji.

Ushuhuda hakutoa. Kila alipoitwa mbele alikataa, akamwambia mkewe, "Nikishukuru kwamba Mungu aliniokoa, mke wa Kigen nitamwambia nini? Koti lilikuwa langu." Kwa miezi mitano hakupanda lori, mvua ikigonga mabati alitoka akasimama uani, akalowa, na Tryphosa, aliyekuwa amelia arudishiwe mume, akawa hajui kama huyu aliyerudishiwa ndiye.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, mvua zimeanza tena, aliondoka bila kuaga, akapanda hadi kwa mjane wa Kigen, Mama Jelimo, akisimama kila kona kuusikiliza mlima. Alikwenda kuomba msamaha, lakini mama yule akamwambia kwamba watu wote waliogopa kukanyaga pale mlima ulipoporomokea, hakuna aliyekuja kumwombea Kigen, basi aombe yeye. Maurice, ambaye hakuwahi kuomba mbele ya mtu, akapiga magoti kwenye udongo ule, akasema tu, "Bwana, sielewi, lakini niko hapa," wakalia wote wawili. Alituambia kwamba hakujibiwa lolote, ila alijua anasikilizwa, na sisi hatukuelewa. Alibatizwa tarehe 22 Desemba, na tangu hapo, kila mvua ilipozidi, alipeleka lori tupu kule kuwashusha watu kabla ardhi haijalegea, akiogopa vilevile, lakini alikwenda.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Alhamisi, tarehe 12 Machi 2026, saa tisa alasiri, alipofariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tryphosa. Joseph aliomba marehemu afunuliwe uso mara tatu.

Aliacha agizo kwamba kaburi la mgomba lisifunguliwe, msalaba wake uandikwe jina la Kigen, ambaye hadi leo hajapatikana, na yeye alazwe kando. Mama Jelimo yuko nasi, na jina mnaloliona pale ameliandika kwa mkono wake asubuhi ya leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao safari hii walimhudumia kweli, majirani wa Pioneer, wanunuzi wenzake wa viazi, kanisa, na wazee, ambao wamekubali apite mlango wa mbele.

Bwana, hatuelewi, lakini tuko hapa. Ndugu yangu, leo nimehakikisha ni wewe, basi pumzika kwa amani.