Sentimita Themanini za Papa Plomb

Benchi la pale Nguba, mjini Bukavu, ni ubao mmoja wa kumwagia zege uliobaki kazini, ukalazwa juu ya matofali mawili ya saruji kwenye kona ya barabara inayoteremka ziwani. Hakuna aliyelinunua wala atakayeliuza. Ukitaka kukaa, nunua kikombe cha kahawa ya tangawizi kwa Maman Masika, ambaye jiko lake la makaa liko ubavuni, halafu sogeza watu. Wenye benchi ni watatu. Yuko Feruzi, muuza vifaa vya ujenzi mwenye asili ya Uvira, anayeitwa Douze kwa sababu kila ugonjwa wa nyumba yeye anautibu kwa nondo ya milimita kumi na mbili. Yuko Delphin, aliyechimba dhahabu miaka kumi na mmoja akarudi na kikohozi na jina la mji wa machimbo yake, Kamituga. Na yuko Fabien, fundi mwashi wa miaka sitini na miwili, ambaye wote wanamwita Papa Plomb kutokana na timazi anayotembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari.

Asubuhi hiyo ya Jumanne mvua ilikuwa imekatika, na wote watatu walikuwa wakitazama nyumba ya ng'ambo ya barabara, nyumba ya Maman Gisèle. Papa Plomb ndiye aliyeijenga, miaka kumi na tisa iliyopita. Kesho yake ilikuwa ianze kupandishwa ghorofa, ili Charlène, binti wa Gisèle, ahame kijiji cha Miti, yeye na watoto wake watatu, waje kulala huko juu. Nondo zilikuwa zimeshashushwa uani. Gisèle alikuwa amekataa neno la fundi mwingine yeyote. Alimwambia Papa Plomb waziwazi kwamba akisema ndiyo, watoto watalala juu, na akisema hapana, basi.

Papa Plomb alikuwa hajasema lolote. Kisa ni ufa. Ulipita katikati ya ukuta wa ubavuni, mwembamba chini na mpana juu, na yeye mwenyewe alikuwa ameuziba kwa saruji mara tatu. Mara tatu ulirudi palepale. Aliona aibu kulitaja jambo hilo, lakini pale kijiweni aibu ya mtu haikai siri.

— Mulitia fer ya dix, akasema Douze, akimaanisha nondo za milimita kumi. Mungetia ya douze, hii nyumba ingesimama hata juu ya maji.

— Fer iko mu ukuta, akajibu Kamituga. Fissure inatoka ku chini. Hii kilima iko na tupu ndani. Batu ba zamani balichimba humu, bakaondoka bila kufunga.

— Balichimba nini? Nguba haina dhahabu.

— Njo maana baliondoka.

Kamituga akasimama, akapiga kisigino chini, akaomba kimya kwa sababu anaijua sauti ya udongo ulio mtupu ndani. Watu wazima wakanyamaza kweli, na Maman Masika akashika mfuniko wa birika usigonge. Ilisikika pikipiki moja ikipanda. Kamituga akatangaza kwamba amesikia alichokitaka, lakini hakusema ni nini.

Douze naye hakukubali kushindwa. Akasema kama ni hivyo, basi ni ziwa. Ziwa linakunywa kilima kutoka chini, taratibu, na kilima kinashuka kulifuata. Kamituga akaipokea hiyo kwa mikono miwili, akaongeza kwamba kilima kinaenda kuoga, kinakwenda polepole kwa sababu kimebeba nyumba za watu mgongoni, na wajukuu wa Douze watauza ndoano dukani badala ya misumari. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Papa Plomb hakucheka.

Maman Masika alikuwa akigeuza makaa. Akasema bila kumtazama mtu:

— Mimi sijue mambo ya kilima. Lakini hii jiko yangu, kila saison ya mvua inainama, naitilia kajiwe.

Akainua mguu mmoja wa jiko. Chini yake vilipangwa vijiwe bapa, kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vitatu.

Hapo kicheko kilikatika. Douze akatazama vile vijiwe, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mlango wa duka lake ameupiga randa mara mbili tangu mwaka juzi, akidhani ni mbao inavimba. Kamituga akakumbuka ukuta wa choo chake aliounyoosha. Na Papa Plomb akafikiri juu ya ile saruji aliyozibia ufa. Kila mmoja alikuwa amerekebisha cha kwake kimyakimya, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Akavuka barabara. Akaegemeza ngazi kwenye kona ya chini ya nyumba, ile inayotazama ziwa, akashusha timazi kutoka juu. Siku alipoimaliza nyumba hiyo uzi ulipita sawa na ukuta kutoka juu mpaka chini, na Gisèle alipiga makofi. Sasa juu uzi uligusa, na chini vidole vitatu viliingia kati ya uzi na ukuta. Alivitazama vidole vyake mwenyewe mle ndani. Aliogopa, lakini haikuwa hofu tupu. Ilikuwa pia ile hali ya kuvua kofia kanisani. Kitu kikubwa namna hii kilikuwa kimetembea miaka yote hiyo, na wao walikaa juu yake wakinywa kahawa.

Ndipo alipofika Emmanuella. Alikuwa mhandisi kijana aliyetumwa na Charlène, mwenye buti za matope na futi ya mkanda kiunoni. Alishuka kwenye pikipiki, akawasalimia bapapa na maman mmoja mmoja, akaagiza kahawa kabla ya kutaja kazi. Hilo peke yake lilimpatia nafasi kwenye benchi. Walimweleza yote, nondo na mashimo na kilima kinachokwenda kuoga, naye alisikiliza bila kucheka. Kisha akamgeukia Papa Plomb, akamwomba aeleze walivyotengeneza uwanja.

Papa Plomb akaeleza kwa fahari kidogo, maana ndivyo wanavyofanya wote katika mitelemko ya Bukavu. Unakata kilima upande wa juu, udongo unautupa upande wa chini, unaukanyaga kwa miguu huku mnaimba mpaka uwe tambarare, halafu unajenga.

— Na fondation mulichimba ngapi, papa?

— Quatre-vingts, akajibu Papa Plomb, yaani sentimita themanini za msingi.

— Ku juu ao ku chini?

— Pote. Quatre-vingts njo quatre-vingts.

Emmanuella akapuliza kahawa yake.

— Juu ya nini quatre-vingts?

Kwa nini themanini: lilikuwa swali jepesi, hata mtoto angeliuliza. Douze akasema ni sheria ya serikali, lakini hakujua ni ipi. Kamituga akasema baridi haishuki zaidi ya hapo, akaona mwenyewe kwamba haina maana, akanywa. Papa Plomb akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa na bwana wake, mzee Ezéchiel. Alipoulizwa Ezéchiel alifundishwa na nani, akaanza kuipapasa timazi yake.

Emmanuella hakumsukuma. Aliomba tu wachimbe shimo moja kwenye kona ile ya chini, nje ya ukuta. Kamituga alivua shati kabla sentensi haijaisha. Papa Plomb akamletea koleo lake la siku zote.

Kwenye sentimita themanini mawe ya msingi yaliisha, kama alivyosema. Chini yake ardhi ngumu haikuonekana. Udongo ulikuwa laini, uliochanganyika, na ndani yake kulikuwa na kipande cha kigae, kigunzi cha mahindi, na sandali ya plastiki. Kamituga alizidi kushuka huku akiwatolea kimoja kimoja. Kwenye mita mbili rangi ikabadilika. Udongo ulikuwa mweusi, umebana, una vijizizi vyembamba, na juu yake palilala mawe matatu bapa, yamepangwa kwa kushuka.

Papa Plomb alipiga magoti ukingoni. Aliyajua yale mawe. Zilikuwa ngazi za njia ya zamani ya kwenda ziwani, waliyopita wamama na madumu, na yeye mwenyewe alipandisha humo maji ya kunywa siku walipoanza kukata kilima. Halafu akaifukia. Uso wa kilima ulikuwa pale chini tangu siku hiyo, mzima, unangoja, na nusu ya nyumba haijawahi kuugusa.

— Mungu wangu, akasema taratibu. Njo hii kilima. Sisi tuliweka nyumba mu hewa.

Akachukua koleo, akautazama mpini wake. Kisha akamwomba Emmanuella futi yake. Mzee Ezéchiel alikuwa na koleo lililovunjika mpini, akaukata, akazoea kupimia kwalo kina cha msingi. Na Papa Plomb alipoanza kazi aliukata wa kwake ulingane. Emmanuella akanyoosha futi kutoka ncha mpaka ncha ya mpini. Sentimita themanini kamili.

— Alijengea wapi, huyo muzee? akauliza.

— Miti. Kule udongo yote iko sawa, imelala. Kule ilitosha.

Maman Gisèle alikuwa ametoka na kusimama nyuma yao, mikono imekunjwa juu ya kitenge. Papa Plomb hakutafuta maneno mazuri.

— Gisèle, usipandishe. Mimi njo nilikosa.

— Na batoto ba Charlène?

Emmanuella akajibu kwamba vyumba vinaweza kujengwa nyuma, chini bila ghorofa, upande uliokatwa, ambako nyumba inakanyaga kilima chenyewe. Upande wa mbele watashusha msingi kipande kwa kipande mpaka kwenye ule udongo mweusi na kuupita, na hata hivyo kwanza atataka kujua kama kilima chote hakitembei, maana jiko la Maman Masika ng'ambo ya barabara nalo linainama. Mpaka hapo mtu asilale chumba cha mbele. Gisèle akainama kulitazama shimo. Akavuka barabara, na kwa mara ya kwanza tangu Papa Plomb amjue, akakaa kwenye benchi.

Wengine wakamfuata, Papa Plomb akiwa na koleo lake, na Emmanuella alikuwa akikunja futi yake.

— Papa, akauliza akigusa mpini wa koleo, na nyumba zingine zenye ulijenga na hii manche, iko ngapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Papa Plomb akageuka kutazama mabati yanayoshuka kuelekea ziwani, yenye maji ya mvua bado, na moshi wa chai ukipanda kwenye mengine. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Maman Masika akatikisa birika, akawaambia kahawa imeisha. Hakuna aliyeinuka. Papa Plomb alikuwa amefika ishirini na tatu, na kidole chake kilikuwa bado hakijaupita mnara wa kanisa.