Kichwa cha Kinyozi

Ndani ya treni ya asubuhi, mbele yangu alikaa kinyozi aliyekumbatia baiskeli mpya ya mashindano, tairi la nyuma limepata pancha. Alivaa kaptula ya kubana, glavu na miwani ya rangi. Muuguzi aliyekaa kando yake, akirudi kutoka zamu, akamtazama weee, kisha akauliza, "Kaka, pampu huna?"

"Dukani zilikuwepo, dada. Nikaanza na miwani."

"Na kofia ngumu?"

Kinyozi akapitisha kiganja juu ya nywele zake, zilizochongwa kama ua la bustani ya tajiri. "Hiki kichwa ndicho kibao cha duka langu. Nikikibonyeza kwa kofia, mteja gani ataniamini?"

"Sisi wodini hatubishani na nywele," muuguzi alisema kwa upole. "Mtu akipasuka kichwa, tunanyoa kwanza, ndipo tunashona."

Kinyozi akavua miwani. "Mnanyoa kichwa chote?"

"Upande ulioumia tu."

"Upande mmoja?" Aliuliza kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Si afadhali mnyoe chote?"

"Afadhali uvae kofia."

"Afadhali nisianguke."

"Asiyeanguka, kaka, bado hajapanda."

Treni ikasimama. Kinyozi akashuka, baiskeli begani, mkono mmoja umekinga kichwa upande wa kushoto. Kupitia dirishani nikamwona akisita kidogo, akawaza, kisha akauhamishia mkono ule upande wa kulia.