Kidonge Nilichokikana Madhabahuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mlioketi nyuma kufuata feni, Bwana asifiwe pia!

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Mutua wa sare za shule. Nimezaliwa Mwingi, Ukambani, lakini miguu yangu haijui kutulia. Miaka kumi na minane nimezunguka na utepe shingoni, Elwak, Bute, Bura, nikipima watoto shuleni na kurudi hapa Garissa kushona. Nikiwa Bute naikumbuka Elwak na chai yake ya maziwa ya ngamia. Nikiwa Elwak nakumbuka harufu ya mvua ya kwetu. Ndivyo Mungu alivyoniumba.

Nilipofika miaka arobaini na tano, saratani ilinikuta kwenye titi la kushoto. Nilipasuliwa, nikatibiwa kwa mionzi, mkaniombea, mkaniletea uji. Baadaye daktari akanipa vidonge, kimoja kila siku kwa miaka mitano, vya kuzuia homoni. Nilishangaa, maana hedhi yangu ilikoma mapema kama ya marehemu mama. Homoni gani tena zimebaki za kuzuiwa? Akanieleza kwamba hata hedhi ikishakoma, mwili huendelea kutengeneza kidogo, na uvimbe wa aina yangu hulishwa na hiyo hiyo kidogo. Kidonge kinaunyima chakula.

Ndugu zangu, kidonge kile kilinitesa! Viungo viliuma kama vya ajuza. Asubuhi vidole vilikataa kushika mkasi. Joto lilinipanda kutoka kifuani mpaka utosini, na ni hapa Garissa, ambapo hata mzima anaoga jasho. Ningelalamika kwa nani? Kila niliyemwambia alinijibu kwamba hata yeye leo jua limemzidi.

Ndipo mwaka jana nikaja hapa mbele. Mnakumbuka. Nilisema Bwana ameniponya, na sijutii kusema hivyo. Lakini nikainua na pakiti ya dawa, nikatangaza kwamba sitaihitaji tena. Mkapiga vigelegele. Nilijiambia kwamba aliyeponywa akiendelea kumeza dawa anamfanya Mungu mwongo. Leo nasema ukweli wote: nilikuwa nimechoka kuumwa, nikauvika uchovu wangu vazi la imani.

Miezi mitano ikapita. Vidole vikalegea, nikaona huo ndio ushahidi. Kumbe ni dawa tu iliyokuwa imetoka mwilini!

Kuna mama mmoja anaitwa Halima, anauza maziwa sokoni. Ni Msomali, ni Mwislamu, na anameza dawa kama yangu. Tulijuana kwenye benchi la kliniki. Aliponikosa kliniki mara mbili alikuja mpaka kwenye cherehani yangu, akaketi kabla sijamkaribisha.

"Abaayo," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiniita dada, "dawa yako siku hizi nakula nani? Mbuzi?"

Nikamweleza kwa fahari habari ya uponyaji wangu. Hakubishana nami. Alisema hata yeye huomba, mara tano kwa siku, na kidonge chake hukimeza adhana ya alfajiri ikilia ili asisahau. Kisha akaniangalia.

"Mungu akileta mvua, wewe nabomoa bwawa?"

Akauliza ni watu wangapi walinisikia nikisema nimeacha dawa. Hapo nikamkumbuka Mwalimu Mwende wa Bura. Ana ugonjwa kama wangu na dawa kama yangu, na Jumapili ile nilikuwa nimemwalika mimi mwenyewe. Alikaa safu ya tatu.

Kesho yake nilikwenda Bura bila utepe wala mzigo. Nilimkuta akisahihisha madaftari. Nikamuuliza kama bado anameza. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameacha tangu Jumapili ile ile.

"Niliona nikimeza, ni kama nasema wewe ni mwongo," akaniambia.

Ndugu zangu! Mimi nilidhani namlinda Mungu, kumbe nilikuwa nimekalia kiti chake moyoni mwa mtu! Nikamwomba msamaha. Nikamwambia habari ya vidole, ya joto, ya uchovu, yote niliyowaficha nyinyi.

"Kwa hiyo mimi nimeacha dawa kwa sababu ya vidole vyako?"

Nikasema ndiyo. Akafunga madaftari, akaenda kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukarudi Garissa pamoja mpaka kliniki.

Daktari hakutugombeza. Alisikitika tu kwamba sikumwambia mapema, maana maumivu yale yana namna ya kupunguzwa. Akatupima sote wawili, tukasubiri majibu wiki mbili. Mimi niliyezoea kuhama, wiki hizo sikutoka mjini. Niliomba ombi moja: "Bwana, kama ni lazima uvimbe urudi, urudi kwangu, umwache Mwende."

Majibu yakatoka. Mwende, hakuna kitu! Mimi, hakuna kitu! Haleluya! Tulilia pale kwenye benchi, na Halima, aliyekuja kutusindikiza, akatutania kwamba Wakamba tunalia hata kwa habari njema.

Daktari alinibadilishia kidonge kingine cha kundi lile lile, akapima mifupa yangu, maana dawa hizi huidhoofisha, akanifundisha mazoezi. Vidole bado huuma, ila mkasi vinashika. Nami nimejifunza kwa Halima: nilale Elwak au Bute, adhana ya alfajiri hunikuta, nami humshukuru Mungu wangu, nikameza.

Leo nimerudi mahali hapa hapa kuyafuta maneno yangu. Mwalimu Mwende, simama wakuone! Yuko hai, nami niko hai, na sote wawili tumemeza dawa leo asubuhi. Uponyaji wangu sikuupoteza kwa kumeza. Nilikaribia kuupoteza kwa kuringa.

Kama kuna hapa aliyeacha dawa, iwe ya titi, ya sukari au ya presha, kwa sababu ya mdomo wangu, naomba unisamehe. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nimesimama kwenye lango la kliniki. Njoo tuingie pamoja. Mtumaini Bwana, na umwonyeshe daktari mahali panapouma.